Idris wa Wales: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina, mlima na watu wake

Idris si jina la Kiislamu? Limefikaje Wales?

Swali hili huja kabla ya mengine yote, na ni swali la haki. Ukizaliwa Tanga, Lamu au Unguja, Idris au Idrisa ni jina la nabii. Kurani inamtaja katika Sura Maryam, aya ya 56 na 57, kisha tena katika Sura Al-Anbiyaa, aya ya 85. Kwa hiyo mtu akikutana na mzee wa Kiwelisi, Mkristo wa kanisani, anayeitwa Idris, anadhani kuna babu baharia aliyeshuka bandarini Cardiff akaacha jina.

Hakuna baharia katika hadithi hii. Wales walikuwa na Idris wao tangu zamani sana, na ushahidi upo kwa maandishi. Kumbukumbu za kale za Wales zilizoandikwa kwa Kilatini, zile zinazoorodhesha matukio mwaka kwa mwaka, chini ya mwaka 632 zina mstari mmoja mfupi: mauaji makubwa penye mto Severn, na kuchinjwa kwa Iudris. Tazama huo mwaka. 632 ndio mwaka aliofariki Mtume Muhammad huko Madina, mwaka wa 11 Hijria. Majeshi ya Waislamu yalikuwa hayajaingia hata Misri. Hata ukiusogeza mwaka huo mbele kidogo, maana tarehe za kumbukumbu hizo hupishana na za vitabu vingine, bado hakuna njia ambayo jina la Kiarabu lingefika kwenye milima ya kaskazini ya Wales na kupewa mtu mzima aliyekwisha kuwa mtawala.

Ni majina mawili, basi, kila moja na ukoo wake, yakakutana kwenye herufi zile zile.

Lina maana gani kwa Kiwelisi?

Angalia ile tahajia ya kale, Iudris, maana ndiyo inayofungua mlango. Sehemu ya kwanza, *iud*, baadaye ikawa *udd*: bwana, mtawala. Sehemu ya pili ni *ris*, mwenye hamasa, mwenye moto ndani yake. Ukiunganisha unapata bwana mwenye hamasa. Ni jina la watu wa vita na enzi, kama yalivyokuwa majina mengi ya Wawelisi wa karne zile. Ile *iud* ya mwanzoni imejificha pia katika jina Ithel, ambalo zamani liliandikwa Iudhail.

Linatamkwaje?

Mkazo uko mwanzoni: ID-ris. Hapa ndipo Mswahili anapoteleza, kwa kuwa sisi tukisema Idrisa mkazo unaangukia kwenye "ri". Herufi "r" ya Kiwelisi inatetemeshwa ulimini kama yetu, kwa hiyo Mswahili ana nafasi nzuri ya kulitamka vizuri kuliko Mwingereza wa London. Irabu zote mbili ni fupi.

Idris wa kwanza alikuwa nani? Mfalme au jitu?

Inategemea unamuuliza nani. Wanahistoria watakutajia Idris ap Gwyddno, mtawala wa Meirionnydd, eneo la kaskazini-magharibi mwa Wales linalotazama bahari. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa yule aliyeuawa penye mto Severn. Neno *ap* lisikusumbue: ni "bin". Idris bin Gwyddno, kama tunavyosema sisi.

Wenyeji wa milimani watakutajia Idris Gawr, yaani Idris Jitu. Mwandishi mmoja wa mwishoni mwa karne ya 16, Siôn Dafydd Rhys, alikusanya habari za majitu ya Wales. Anaeleza kwamba Meirionnydd ilikuwa na majitu wanne, kila mmoja na mlima wake wa kukalia, na Idris ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Siku moja, inasimuliwa, alisikia kitu kinamchoma mguuni alipokuwa akitembea. Akavua kiatu akakikung'uta, zikadondoka changarawe tatu. Changarawe hizo ni mawe makubwa yaliyolala karibu na kidimbwi kwenye njia ya mlimani inayoshuka kuelekea Tal-y-llyn, na kidimbwi kikaitwa Llyn y Tri Graienyn, Ziwa la Changarawe Tatu.

Mimi naona hakuna haja ya kuchagua. Mtawala aliyekufa vitani akakumbukwa na watu wake huongezeka kimo kila kizazi, na baada ya miaka elfu hakuna kiti kinachomtosha isipokuwa mlima.

Kuna pia wanaomtaja Idris kama mmoja wa wanajimu watatu wakuu wa Wales, aliyekaa kileleni akisoma nyota. Habari hiyo ipokee kwa uangalifu. Imetoka katika maandishi ya Iolo Morganwg (1747–1826), mtu mwenye kipaji kikubwa ambaye alitunga mengi na kuyatoa kama ya kale.

Cadair Idris ni nini hasa?

Ni mlima, na kwa Wawelisi wengi ndio kitu cha kwanza kinachokuja akilini wakisikia jina Idris. *Cadair* ni kiti, kwa hiyo Kiti cha Idris. Utaona pia tahajia *Cader*, na kilele chenyewe kinaitwa Penygadair. Upo kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Eryri, karibu na mji mdogo wa Dolgellau uliojengwa kwa mawe ya kijivu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 2022 wenyewe wakaamua kutumia jina la Kiwelisi, Eryri, badala ya lile la Kiingereza.

Urefu wake ni mita 893. Mtu aliyezoea kuitazama Kilimanjaro kutoka Moshi ataona ni kilima tu, na kweli mji wa Dodoma uko juu zaidi kutoka usawa wa bahari kuliko kilele hicho. Lakini Dodoma umeinuliwa na uwanda mzima. Cadair Idris unainuka karibu kabisa na maji ya bahari, kwenye mlango wa mto Mawddach, kwa hiyo karibu kila mita ya urefu huo unaipanda kwa miguu yako.

Njia inayopendwa sana kwa uzuri wake inaanzia Minffordd, mahali panapoitwa Dôl Idris, yaani Malisho ya Idris. Mwanzo ni ngazi za mawe zenye mwinuko mkali, ndani ya msitu wa mialoni, kijito kikipiga kelele kando yako na kuvumwani kumefunika kila jiwe na kila shina. Ukitoka kwenye miti unaingia ghafla ndani ya bakuli kubwa la miamba, kuta pande tatu, na chini yake ziwa jeusi lililotulia liitwalo Llyn Cau. Ukisimama ukingoni mwa ziwa hilo utaelewa kwa nini watu waliona kiti: miamba ya nyuma ni mgongo, ya pembeni ni mikono, na mahali pa kukalia ni maji. Mchoraji Richard Wilson, Mwelisi wa karne ya 18, aliuchora mwonekano huo, na picha yake ni moja ya zile zilizowafundisha watu wa Uingereza kuitazama milima kama kitu cha kupendeza, wakati wengi walikuwa wakiiona kama kizuizi cha safari.

Njia nyingine, ndefu kidogo lakini ya mwinuko wa taratibu, inaanzia Tŷ Nant upande wa Dolgellau. Kileleni kuna kibanda cha mawe cha kujikinga na upepo, na kinahitajika. Ukungu huingia kutoka baharini haraka mno, na aliyeanza safari na jua anaweza kushuka na mvua ya ubaridi. Viatu vya mlimani, koti la mvua, ramani ya karatasi, na kuanza mapema: hayo ni ya lazima hata mwezi wa Julai.

Lile bakuli ni kreta ya volkeno?

Hapana, ingawa wageni wengi wanaondoka wakiamini hivyo. Miamba ya mlima kweli ina asili ya volkeno, ya takribani miaka milioni 450 iliyopita. Lakini umbo la bakuli lilichongwa na barafu nzito ya zama za baridi, iliyokuwa ikisaga mwamba taratibu ilipokuwa ikishuka. Barafu ilipoyeyuka, shimo likajaa maji.

Ni kweli kwamba ukilala kileleni usiku mmoja unaamka mwendawazimu?

Mwendawazimu au mshairi. Wengine huongeza kwamba unaweza usiamke kabisa. Ndivyo inavyosimuliwa, na imesimuliwa kwa muda mrefu hata washairi wa Kiingereza wa karne ya 19 wakaitungia mashairi. Husimuliwa pia kwamba mbwa wa kuzimu, Cŵn Annwn, huwinda roho juu ya mlima huo usiku, na atakayewasikia wakibweka ajue siku zake zimekaribia.

Ninachokipenda katika simulizi hii ni jinsi inavyouweka ushairi katika daraja moja na kifo na wazimu. Wales ni nchi ambayo mshairi hupewa kiti cha heshima mbele ya umati kwenye tamasha la Eisteddfod, na kiti hicho nacho kinaitwa *cadair*. Anayelala kwenye kiti cha jitu akitumaini kuamka mshairi anaomba jambo kubwa, na watu wa kale walijua kwamba jambo kubwa lina bei yake.

Kuna uhusiano wowote wa mlima huu na sisi wasomaji wa Kiswahili?

Upo mmoja wa kweli, na unapitia kwa msichana. Chini ya Cadair Idris, katika kijiji cha Llanfihangel-y-Pennant, aliishi Mary Jones, binti wa familia maskini ya mfumaji. Alijiwekea akiba kwa miaka ili anunue Biblia ya Kiwelisi. Mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 15, alitembea hadi mji wa Bala, karibu kilomita 40 kupita milimani, akaipata kwa mchungaji Thomas Charles. Habari za kiu ya namna hiyo, kiu ya kusoma kwa lugha ya mama, zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma kuanzishwa kwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje jijini London mwaka 1804.

Chama hicho ndicho kilichokuja kuchapisha Maandiko kwa Kiswahili: tafsiri za Kiunguja za karne ya 19 alizoongoza Askofu Edward Steere, na baadaye Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo iko katika nyumba nyingi za Kikristo Kenya na Tanzania hadi leo. Magofu ya nyumba ya Mary Jones yapo bado, na nguzo ya ukumbusho.

Kama jina ni la karne ya 7, kwa nini wengi wenye jina hilo ni wa miaka ya 1880 hadi 1930?

Kwa sababu lililala, kisha likaamshwa. Zamani Mwelisi alijulikana kwa jina lake na la baba yake: Rhys ap Hywel, Owain ap Dafydd. Utawala wa Kiingereza ulipotaka majina ya ukoo yasiyobadilika, *ap* ikamezwa: ap Rhys ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell, ab Owain ikawa Bowen. Na majina ya kubatizwa yakawa machache, John, William, Thomas, David, hata vijiji vikajaa akina Jones, Davies, Evans na Williams. Ikabidi watu wabatizane upya kwa kazi zao: Jones wa mikate, Jones wa posta.

Karne ya 19 Wawelisi walianza kurudi kwenye historia yao kwa makusudi, na wazazi wakachukua majina ya wafalme na ya mashairi ya kale. Idris lilikuwamo, na lilikuwa na nguvu ya ziada kwa kuwa mlima wake ulikuwa unaonekana. Kumwita mtoto Idris Davies au Idris Jones kulikuwa na faida mbili: jina la ukoo lilikuwa la maelfu ya watu, lakini jina la kwanza lilisema wewe ni nani na nchi yako ni ipi.

Ni akina Idris gani wa Wales ninaopaswa kuwajua?

Anza na Idris Davies, maana yeye ndiye sauti. Alizaliwa mwaka 1905 Rhymney, bonde la makaa ya mawe kusini mwa Wales, katika nyumba ya Kiwelisi. Akiwa na miaka 14 aliacha shule akashuka mgodini. Mgodini alipoteza kidole. Ukaja mgomo mkuu wa mwaka 1926, wachimbaji wakasimama miezi hadi njaa ikawarudisha kazini, na mgodi aliokuwa akifanyia kazi ukafungwa. Akabaki bila ajira, na katika miaka hiyo akajisomesha mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, hadi akaingia chuo na kuwa mwalimu.

Mashairi yake yametoka humo. *Gwalia Deserta* lilichapishwa mwaka 1938, na *The Angry Summer*, kuhusu mgomo ule, mwaka 1943. Mshairi T. S. Eliot, aliyekuwa mhariri wa shirika la uchapishaji, aliyathamini mashairi yake na kulitoa hilo la pili. Katika sehemu moja ya *Gwalia Deserta* kengele za miji ya makaa ya mawe zinaulizana na kujibizana, kila mji na neno lake, moja inalalamika, nyingine inakasirika. Mwanamuziki wa Marekani Pete Seeger aliitia sehemu hiyo muziki, na kundi la The Byrds likaiimba mwaka 1965, ikasikika duniani. Davies hakuishi kuusikia wimbo huo. Alifariki mwaka 1953 kwa saratani, akiwa na miaka 48.

Wa pili ni Harold Idris Bell (1879–1967), mtoto wa mama wa Kiwelisi aliyezaliwa Uingereza. Alikuwa msimamizi wa hati za kale katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, bingwa wa kusoma mafunjo ya Kigiriki kutoka Misri. Mwaka 1910 alitoa juzuu la mafunjo ya Aphrodito, na ndani yake zimo barua za Qurra bin Sharik, gavana Mwislamu wa Misri mwanzoni mwa karne ya 8, akiwahimiza watu wa wilaya walete kodi na mafundi. Mwanamume mwenye jina la jitu la Meirionnydd ni mmoja wa walioyafungua makaratasi ya serikali ya Kiislamu ya awali yasomwe na ulimwengu. Na jioni alitafsiri mashairi ya Kiwelisi.

Idris Foster (1911–1984) alikuwa profesa wa lugha za Kikelti Oxford kwa zaidi ya miaka 30. Idris Cox, mchimba makaa kutoka Maesteg aliyekuwa kiongozi katika Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, aliandika kitabu kuhusu fikra za ujamaa barani Afrika mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha.

Na ile soda ya Uingereza iliyoitwa Idris?

Thomas Howell Williams, mzaliwa wa Pembrokeshire, alianzisha kiwanda cha vinywaji London mwaka 1873, akaongeza Idris kwenye jina lake, na soda ya tangawizi ikajulikana kwa jina hilo. Aliingia Bungeni pia, akiwakilisha Flint, kuanzia 1906 hadi 1910.

Mwigizaji Idris Elba ni Mwelisi?

Hapana. Amezaliwa London mwaka 1972, baba yake wa Sierra Leone, mama yake wa Ghana, na jina lake kamili ni Idrissa. Hilo ni la upande wa nabii, sawa na Idris Sultan wa Tanzania aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014, na sawa na Mfalme Idris wa Libya, Idriss Déby wa Chad, na mji wa Moulay Idriss huko Moroko, ulioitwa kwa Idris bin Abdallah aliyeanzisha ufalme wake mwaka 788.

Lugha ya programu iitwayo Idris ni ya upande upi?

Ya Wales. Edwin Brady, aliyeibuni, aliipa jina la joka mdogo mwekundu anayeimba katika kipindi cha watoto cha televisheni kuhusu treni ya Wales.

Msichana anaweza kuitwa Idris?

Kwa Kiwelisi ni jina la kiume, na hakuna umbo la kike linalotokana nalo.

Tunaishi Uingereza, mtoto wetu anaitwa Idris kwa heshima ya nabii. Wawelisi wataona tumechukua jina lao?

La. Hamjachukua chochote, na hakuna haja ya kueleza mara mbili mbili. Cardiff ina jamii za Wayemeni na Wasomali tangu enzi za meli za makaa ya mawe, karne ya 19, na jina hili halishangazi huko kwa upande wowote. Mtoto akikua, mwonyesheni mlima. Babu wa Meirionnydd akimsikia akiitwa atatabasamu akidhani ni wa kwao, na mtoto anaweza kumjibu kwa Sura Maryam.

Ila msimwambie kwamba jina la Wawelisi "kumbe ni la Kiarabu". Maneno hayo yamesambaa mitandaoni na yanawaumiza watu ambao lugha yao ilipigwa vita shuleni, watoto wakivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuisema.

Nikikuta Idris kwenye hati ya zamani, nitajuaje ni wa upande upi?

Tazama majina yanayolizunguka. Idris pamoja na Davies, Jones, Rees au Pugh, aliyezaliwa Wales kabla ya vita vya pili, karibu kila mara ni wa Kiwelisi. Idrisa yenye "a" mwishoni ni ya Kiswahili, Idrissa yenye "s" mbili ni ya Afrika Magharibi, na Idriss hutokea katika nchi zilizotawaliwa na Wafaransa. Ukikutana na "Iudris" au "Idris ap", upo Wales ya kale. Na ukikuta mahali pa kuzaliwa pameandikwa Merioneth, hilo ni jina la Kiingereza la Meirionnydd, kwenye mlima wenyewe.